Mwendo Kwenye Vioo Kumi na Viwili

Uzi wa kwanza ulikatika kiunoni mwa Sindano, na kisanduku cha kwanza kikalia tak. Hakusimama. Alikuwa ameagizwa atembee kama mtu anayetoka bombani: ndoo mkono wa kulia, macho mbele, asivitazame visanduku hata vikimwita kwa jina. Uzi wa pili, tak. Wa tatu, tak. Nyuzi kumi na mbili zilikuwa zimekatiza njia yake pale uani, kutoka kwenye ukuta uliopakwa chokaa hadi kwenye benchi refu alilolitengeneza baba yake, na juu ya benchi vilikaa visanduku kumi na viwili vya mbao, kila kimoja na jicho lake la kioo. Uzi ukikatika, kibao mbele ya jicho hilo kilidondoka, mwanga ukaingia kufumba na kufumbua, na Sindano akabaki humo ndani, mguu wake ukiwa hewani.

Alipofika mwisho aligeuka akitegemea kusifiwa. Baba yake alikuwa amesimama kando ya kisanduku cha kumi na mbili, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayesikiliza maji yanayopita chini ya sakafu.

"Vipi, baba? Nimeharibu?"

"Umetembeaje?"

"Kwa miguu."

Siku nyingine baba angecheka. Ilitakiwa vibao vidondoke kwa mpigo mmoja, kama saa ya ukutani. Yeye alikuwa amesikia kitu kingine: kibao kimoja kinachelewa, kinachofuata kinakikimbilia, kinachelewa, kinakikimbilia. Wala hakuwa peke yake. Mlango wa jikoni ulifunguka na shangazi akatokeza, mikono imejaa povu la sabuni.

"Nani kapita hapa?"

"Mimi, shangazi. Nani mwingine?"

"Si wewe. Nimesikia mtu anapita, nikajua kabisa ni…" Akaishia hapo. Akajifuta povu kwenye gauni lake, jambo ambalo kila siku huwagombeza wengine kwa kulifanya. "Basi. Masikio yangu yanataka kustaafu."

Akarudi ndani. Lakini mlango hakuufunga.

Kazi yenyewe ilikuwa ya nyumba ya makumbusho. Mkuu wa maonyesho wa huko, mwanamke mnene wa maneno machache ambaye shangazi alimbatiza Bi Miwani siku ya kwanza tu, alikuwa ameingia studio ya picha ya baba yake Sindano kuchapisha picha ya pasi, akaona kamera za zamani zimepangwa kwenye kabati, akauliza kama mzee angeweza kurudia majaribio ya watu wa kale, wale waliopiga picha za mwendo kabla ya sinema kuwapo. Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alijibu ndiyo kabla swali halijafika mwisho. Siku hizi studio yake ilibakiwa na picha za vitambulisho, na hata hizo watu walikuja nazo kwenye simu wakamwambia achape tu, asijisumbue.

"Walikuwa wanabishana," alimweleza binti yake jioni hiyo. "Farasi akikimbia, kuna wakati miguu yote minne inaacha ardhi? Huyu anasema ndiyo, yule anasema hapana, na wote wana macho. Maana jicho linameza tu, Sindano, halitafuni. Akatokea mtu akapanga kamera kwa safu, farasi akazikata nyuzi mwenyewe. Visanduku ndivyo vinavyotafuna."

Basi alijenga visanduku vyake kwa mbao za makreti, akavipaka rangi nyeusi ndani. Nyuzi zilitoka kwenye cherehani ya Sindano. Jirani walipochungulia juu ya ukuta walimuuliza kama ameanza kufuga njiwa.

"Nafuga binti yangu," aliwajibu.

Wakacheka wote, na Sindano pia.

*

Vioo vya picha, vile vilivyokaa ndani ya visanduku badala ya filamu, viliogeshwa dawa mchana uleule wa matembezi kwenye chumba cha giza, kilichokuwa stoo zamani. Sindano alimshikia baba yake taa nyekundu. Tangu utotoni alipenda wakati ule kioo kinapolala ndani ya dawa na mtu anaanza kujitokeza polepole, kama anayeamka. Lakini kwenye kioo kila kitu huwa kinyume. Ukuta wa chokaa ulitoka mweusi kama lami, na yeye akatoka mweupe kama aliyemwagiwa unga, macho meupe, meno meusi. Kumi na wawili walilala kwenye sinia wakiyumba na dawa.

"Huyu wa sita mbona kama amechoka?" aliuliza.

"Shika taa vizuri," alisema baba.

Kesho yake, saa sita mchana, karatasi zilizochapwa kutoka kwenye vioo zilikuwa zimekauka. Fundi alizikata, akazigundisha kwa safu, akazizungusha ndani ya pipa, maana ndivyo walivyoliita, ingawa kilikuwa kibati cha rangi chenye matundu membamba kumi na mawili, kimekalishwa juu ya kitovu cha gurudumu la baiskeli. Ukikizungusha na kuchungulia kwenye matundu, picha zinaungana na mtu anatembea.

"Njoo, dada," Fundi alimwita shangazi. "Njoo umwone mwanao."

"Mimi mambo ya kuchungulia nimeyaacha ujanani," alisema shangazi, lakini alikuja, akakunja kiuno, akafumba jicho moja. Kibati kilizunguka kikitoa sauti ya nyuki.

Alifumbua jicho la pili, akalifumba tena. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa:

"Wifi?"

Mikono ilimdondoka.

"Kaka, nani kamwita wifi humu ndani?"

Sindano alimsogeza akachungulia mwenyewe. Gauni lilikuwa lake, lile la bluu lenye mfuko mmoja. Ndoo ilikuwa yao, yenye ufa uliozibwa kwa lami. Lakini aliyekuwa akitembea hakuwa yeye. Mguu wa kulia ulinyanyuka vizuri, ukatua. Wa kushoto ulichelewa kuondoka, ukaja ukiburuta ncha ya kidole, na bega la upande ule likashuka kidogo kuufuata, kama mtu anayeinama kuokota kitu halafu akaghairi. Alifika mwisho, akaanza upya. Akafika, akaanza upya. Hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akitoka chumbani kwenda msalani, mwaka ule wa mwisho kabla hawajaanza kumbeba. Nguo mtu anaweza kuazima. Mwendo wa marehemu anauazima nani?

Fundi alilisimamisha pipa kwa kiganja.

"Kisanduku cha sita kinachelewa," alisema. "Na cha nane. Ni springi hizo."

"Springi ndiyo inayovuta mguu?" aliuliza shangazi.

"Dada, kazi hii huijui."

"Kazi siijui. Wifi yangu namjua."

*

Sindano alikuwa fundi cherehani barazani kwao, na wiki ile alikuwa akishona sare za shule. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, mkono wake mwepesi mpaka watu walimwachia kitambaa bila kupima, na jina la Sindano lilitoka hapo. Sasa mteja mmoja alirudi na sketi mbili amezishika mbali na mwili, kama anayebeba panya.

"Dada, hebu nitazamie huu mshono. Umekwenda dukani, ukapitia kilabuni, ndiyo ukarudi nyumbani."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri walicheka. Sindano aliichukua sketi. Mshono ulikuwa umenyooka urefu wa shibiri, kisha ukasita, ukaruka, ukanyooka tena, ukasita.

"Nisamehe, mama. Nitaurudia bure."

"Rudia, lakini na wewe lala. Wasichana wa siku hizi mnakesha na simu."

Alipobaki peke yake aliweka miguu yote miwili kwenye kanyagio, akakanyaga bila kitambaa. Alitazama gurudumu. Lilizunguka, likasita. Likazunguka, likasita. Alikuwa ameona hali hiyo kama wiki tatu zilizopita, akamlaumu mkanda wa cherehani, akanunua mwingine. Akautazama mkanda mpya. Haukuwa na kosa lolote. Alivuta kiti, akatoa mguu wa kushoto kwenye kanyagio, akaendelea na kazi kwa mguu mmoja, na kila aliyepita barazani alisalimiwa kwa uchangamfu kuliko kawaida.

Kesho yake baba alibadilisha springi zote kumi na mbili, akafunga nyuzi mpya.

"Vaa viatu vingine," alisema. "Vile vina soli nzito."

Alivaa vingine. Alitembea akiuwazia mguu, akiunyanyua kwa makusudi kama anayevuka mifereji. Vibao vilidondoka: kimoja kinachelewa, kinachofuata kinakikimbilia. Jikoni sufuria lilikuwa likisuguliwa. Likaacha kusuguliwa mpaka kibao cha mwisho kilipolia, ndipo likaendelea.

Baba yake alikusanya vioo bila kumtazama, akaingia navyo chumba cha giza, akafunga kwa ndani. Safari hii hakumwita kushika taa. Alishinda humo siku nzima, na siku ya pili pia, akitoka kula tu. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la penseli.

*

Bi Miwani alifika bila kutoa taarifa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaliinamia pipa. Fundi alilizungusha. Sindano alisimama mlangoni na sinia la chai, akingoja kusikia mwanamke huyo atasema nini juu ya mguu.

"Mzee!" Bi Miwani alivua miwani, akaivaa tena. "Hii ni kazi! Tazama anavyotembea huyu binti. Kama maji yanateleza."

Sindano alidhani anatania. Fundi alitazama sakafu.

"Na siku ya ufunguzi nataka huyuhuyu awepo. Atembee mbele ya wageni, halafu wachungulie wamwone ndani. Ndiyo yeye?" Akageuka kuelekea mlangoni. "Karibu, dada, lete hiyo chai."

Kutoka mlangoni hadi mezani palikuwa na hatua saba. Sindano alizitembea. Vikombe viligongana kwenye hatua ya pili, ya nne na ya sita.

"Pole," alisema Bi Miwani. "Umeumia mguu?"

"Kiatu," alijibu Fundi haraka. "Ni kiatu tu hicho."

Shangazi, aliyekuwa akiteremsha mapazia, aliacha pazia likamwangukia mabegani, akasimama hapo bila kulitoa. Neno lilelile. Mama yake Sindano aliambiwa ni kiatu akanunuliwa vingine, akaambiwa ni mto wa kulalia, akaambiwa ni uchovu, mpaka siku walipompeleka hospitali amekaa kwenye kiti cha mbao, watu wanne wanamnyanyua, na daktari akawauliza walikuwa wapi siku zote.

"Basi kiatu kipatiwe dawa kabla ya ufunguzi," Bi Miwani alicheka. "Nitapita Ijumaa asubuhi kuchukua kila kitu, vioo na karatasi."

*

Alhamisi mchana Fundi alikwenda kuchukua mbao za kufungashia. Sindano aliingia studio akalizungusha pipa.

Msichana alitoka na ndoo yake. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Bega halishuki, kidole hakigusi. Alikuwa na uso wa Sindano na gauni la Sindano, naye alitembea kama ambaye hajawahi kuchoka wala hatachoka. Sindano alimtazama mpaka nywele zikamsimama shingoni. Mzimu usingemtisha hivi, maana mzimu angalau ni mtu aliyewahi kuwepo. Huyu hakuwahi kuvuka ua ule hata siku moja. Na bado alitembea, akafika, akaanza upya, akatembea, na kadiri pipa lilivyokwenda ndivyo Sindano alivyohisi kwamba yeye mwenyewe, huyu aliyeinama kuchungulia, ndiye aliyechorwa vibaya.

Alilisimamisha. Alikwenda kwenye kabati, akatoa vioo vya mara ya pili, akavielekeza dirishani kimoja kimoja kwa kuvilaza ubavu, kama alivyomwona baba akifanya tangu zamani. Penseli ilionekana mara moja. Mguu wa kushoto ulikuwa umekwanguliwa kwa wembe, ukachorwa upya juu zaidi, bega limejazwa. Kazi safi, kama kawaida yake. Studio waliita kusafisha. Baba yake alikuwa amesafisha nyuso za mtaa mzima: makovu, chunusi, jicho lenye makengeza la bwana harusi. Watu walimpenda kwa hilo.

Vioo vya mara ya kwanza vilikuwa chini, havijaguswa. Chini yake kulikuwa na bahasha kubwa yenye mwandiko wa baba: jina la mama, hakuna zaidi. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa mkewe, Fundi alimpiga picha kwenye kiti kimoja, na zile picha zilikuwa zimetundikwa sebuleni kwa safu. Humo mama alizeeka kwa heshima, akitabasamu sawasawa, mpaka ya mwisho. Sindano alivitoa vioo vyake, akavilaza ubavu mbele ya mwanga.

Penseli ilianzia kwenye kona ya mdomo. Kidogo tu, mstari mmoja, kwenye kioo cha miaka miwili kabla ya hospitali. Mwaka uliofuata ilikuwa mdomoni na kwenye kope. Kwenye cha mwisho upande wote wa kushoto wa uso wa mama ulikuwa ni penseli.

"Umevitoa kwa mikono mitupu," alisema baba yake. Alikuwa amesimama mlangoni na mbao begani. "Vitashika alama za vidole."

"Uliona."

"Sindano…"

"Miaka miwili kabla. Uliona mdomo unashuka, ukaupandisha kwa penseli."

Fundi alitua mbao moja moja, polepole, kana kwamba ni vioo.

"Ndiyo kazi yangu," alisema. "Mtu anakaa mbele yako, unamsafisha. Mkono unakwenda wenyewe. Nikawa natundika picha ukutani, naitazama kila asubuhi ninapokunywa chai, nasema, huyu mke wangu mzima, ananitazama vizuri. Nikitoka nikamkuta jikoni, naona ile ya ukutani." Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Sikukudanganya wewe. Nilijidanganya mwenyewe nikakupitisha humohumo."

"Na mimi umenipandisha mguu."

Fundi alijifuta vumbi la mbao vidoleni. Shangazi alikuwa amekuja nyuma yake bila kusikika.

"Nina wiki tatu mguu unanigomea kwenye cherehani, na sasa nashonea mmoja tu," alisema Sindano. "Nilinyamaza kwa sababu nilijua mtasema mkanda. Na kama si mkanda, kiatu. Kesho huyo mama anakuja kumchukua yule." Alionyesha pipa. "Akimchukua, atatembea huko kila siku, na watu watakuuliza binti yako hajambo, utasema hajambo, nendeni mkamtazame. Mimi nitakuwa hapa ndani nabebwa kwenye kiti. Chagua mmoja, baba. Wawili hatuenei nyumba hii."

*

Bi Miwani alifika Ijumaa saa mbili, na mfuko wa kitambaa begani. Mezani alikuta mapipa mawili.

"Mmeniongezea?"

"Chungulia hili kwanza," alisema Fundi. Alilizungusha kwa kidole.

Bi Miwani alichungulia. Uso wake ulikunjana. "Hili ndilo zuri la juzi?"

"Hilo ni jingine. La mara ya kwanza."

"Linachechemea, mzee. Wageni watasema mashine mbovu." Alilisogeza kando kwa mgongo wa mkono, kama anavyosogezwa mtoto mchafu, bila kujua kwamba mwenye mguu amesimama hatua mbili kutoka kwake. "Huyu ni nani?"

"Binti yangu."

"Na huyu?" Alikuwa tayari ameinamia la pili, tabasamu lilikuwa limerudi.

Fundi alilitazama pipa linavyozunguka. Nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Huyo simjui," alisema.

Ndipo alipomwita dada yake, na shangazi akaja na birika lililokuwa likichemka tangu alfajiri. Fundi alipanga vile vioo vya penseli kwenye beseni, kumi na viwili, akamimina maji polepole. Maji ya moto hayavunji kioo kilichopashwa kidogokidogo. Yanalainisha tu ile ngozi nyembamba inayoshika picha. Ilianza kujikunja pembeni, kisha ikajivua. Wasichana weupe wenye meno meusi waliachana na vioo vyao, wakaelea juu ya maji, wakakunjana mmoja juu ya mwenzake, ndoo zao juu ya vichwa vyao, miguu yao mizuri ikinyooka na kunyooka mpaka ikakatika. Beseni lilibaki na maji ya kijivu.

"Mzee una wazimu?" Bi Miwani alikuwa amesimama. "Nina ufunguzi wiki ijayo! Nimeshawaambia watu!"

"Ile ya kwanza ipo, mama. Karatasi zake chukua, vioo nina safari navyo. Kama haikufai, nitarudisha ulichotanguliza."

"Hainifai." Alichukua mfuko wake. Mlangoni aligeuka akamtazama Sindano kuanzia kichwani kushuka, akafika miguuni, macho yakabaki huko. Kitu fulani kilimfika usoni. Alivua miwani, akatoka.

"Haya," alisema shangazi, akimtupia Sindano mtandio. "Mnangoja foleni ya hospitali ijae?"

*

Hospitali walipewa namba sitini na moja. Fundi alikaa na sanduku la vioo mapajani, mikono miwili juu yake, na karani wa dirishani alipoona linafunguliwa kidogo alipaza sauti ili benchi zima lisikie: "Mzee, hapa tunapima ugonjwa, picha za ukumbusho nje!" Watu walicheka, maana walikuwa wamekaa muda mrefu bila cha kucheka. Fundi alicheka nao. Alilifunga sanduku.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa usingizi. Aligonga magoti ya Sindano kwa kinyundo, akamchoma unyayo kwa ncha ya kalamu, akamwambia asukume, avute. Kisha akauliza humo sandukuni mna nini, na Fundi akamwonyesha.

Alivishika vioo dirishani kimoja baada ya kingine. Alipofika cha tano alikaa kitako kwenye kona ya meza. Alirudi cha kwanza, akaanza tena, safari hii midomo yake ikihesabu.

"Nani alikupigieni hizi?"

"Mimi."

"Zimeguswa?"

"Hizo hapana."

Daktari alimgeukia Sindano, si baba yake, na hilo Sindano alilikumbuka baadaye kama wema. "Nitasema kweli. Nadhani ni ule wa mama yako. Vipimo vitathibitisha. Hakuna dawa ya kuuondoa. Ipo ya kuuchelewesha, na kwa mwingine inauchelewesha miaka mingi, lakini ni kali, na kiasi chake kinategemea unakwenda mbio kiasi gani. Nikizidisha itakuumiza, nikipunguza haitakusaidia. Kwa hiyo fikiri vizuri kabla ya kunijibu. Mguu huu ulianza lini?"

Sindano alifungua mdomo aseme wiki tatu.

"Tarehe tisa mwezi wa pili," alisema baba yake.

Ilikuwa mwezi wa saba. Sindano alimgeukia.

"Asubuhi," Fundi aliendelea. Alikuwa akimtazama daktari, mikono juu ya sanduku tupu. "Alikuwa anavuka kizingiti cha ua na ndoo, na kidole gumba kikagusa saruji. Mara moja. Kikagusa tena tarehe kumi na tatu. Mwezi wa tatu kikawa kinagusa kila akichoka. Wa nne, kila siku, lakini jioni tu." Alimeza mate. "Ile kazi ya visanduku niliikubali ili vinionyeshe kwamba nimeona vibaya."

Daktari aliandika tarehe hizo. Kwenye korido namba sitini na mbili iliitwa, na hakuna aliyeitika.

Sindano alisubiri hasira imfike. Ilifika, na alijua itakaa naye muda mrefu, nyumbani, mezani, kila chai ya asubuhi. Lakini kalamu ya daktari ilikuwa juu ya karatasi, inangoja, na katika watu wote duniani ni huyu baba yake tu aliyekuwa na kile kilichohitajika kuandikwa hapo.

"Na wa tano?" aliuliza daktari.

Baba yake alisita. Sindano alivuta kiti chake, kikakwaruza sakafu, akakaa naye uso kwa uso.

"Sema, baba," alisema. "Wa tano."

Akasema. Alikuwa anakumbuka kila hatua.